Alhamisi za NyaMsiska

Jumanne, 26 Novemba

Mimi, Wongani Luhanga, niliyefeli hesabu mara mbili, leo nimekabidhiwa taifa nilihesabu. Nina kishikwambi cha serikali, baiskeli ya serikali, koti la mvua la serikali ambalo mikono yake inanifika magotini, na kofia iliyoandikwa TAKWIMU. Mjomba, aliyenilea nikilala dukani kwake mjini Mzuzu katikati ya mifuko ya saruji, aliniangalia akacheka mpaka akashika kaunta. Acheke. Msimu ukiisha atanisalimia kwa mikono miwili.

Kazi yenyewe ni hii. Ofisi imeshirikiana na watafiti wawili wageni wanaotaka kujua jambo moja: mkulima ukimuuliza habari za msimu mzima baada ya kuvuna, anakuwa amesahau kiasi gani? Basi kaya nyingine zitaulizwa mara moja tu mwishoni, na nyingine zitaulizwa kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, na mdadisi anayeishi kijijini palepale. Wenye vyeti waliposikia "mvua" na "palepale" wote wakakumbuka wana harusi za kuhudhuria. Nikabaki mimi. Ofisi ikaniona nafaa, na mimi pia nikajiona.

Kijiji kinaitwa Kamphenda. Nimepewa nyumba ya bwana shamba. Mwenyewe alihama zamani, ila namba yake ya simu bado imeandikwa kwa chaki mlangoni. Nimeipiga, nimwambie tu kwamba nimefika. Haipatikani.

Alhamisi, 28 Novemba

Kaya zangu ni sita na kila moja ina siku yake. Alhamisi ni ya NyaMsiska, mjane mwenye goti lililovimba, anayeishi na mjukuu wake Towela, aliye katika umri wa kung'oka meno.

Nikakaa kitini kibarazani, nikawasha mtambo, nikaanza kwa sauti ya redio. "Mama, taja watu wa kaya hii."

"Mapopa."

"Ndiye nani?"

"Mwanangu."

"Yuko wapi?"

"Joni. Kazini, nchi za watu."

"Tangu lini?"

"Tangu huyu akiwa tumboni." Akamwelekeza Towela kwa kidevu.

"Basi huyo si wa kaya, mama. Kaya ni wanaolala hapa na kula chungu kimoja. Aliyeondoka zaidi ya miezi sita haandikwi."

"Nani kasema?"

"Ofisi."

"Ofisi ndiyo iliyomzaa?"

Towela akacheka, mapengo yote nje. Nikafuta Mapopa, tukaendelea. Mlikula nini siku saba hizi. Nani alilima, saa ngapi. Nani aliugua.

Mafunzoni tuliambiwa tusipokee kitu kwa mhojiwa ila maji. Bwana Kumwenda, msimamizi wetu, alisubiri wageni watoke nje, akatuambia, "Vijana, ukikataa sima ya mtu huku, swali la pili jiulize mwenyewe." Kwa hiyo sikukataa. NyaMsiska alichinja kuku! Towela alipiga goti akaninawisha, akaniwekea sahani, kisha wote wawili wakaingia jikoni kwao. Kwenye kaya nyingine nakula na wanaume. Hapa mwanamume ni mimi tu, nikala peke yangu nikiwatazama kuku waliobaki, nao wakinitazama.

Nilipomaliza Towela akaja kusimama mbele yangu. "Umeshiba?"

Nikamwonyesha sahani. Ungeweza kujitazama humo ukachana nywele. "Mtu wa serikali hali nusu nusu," nikamwambia.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua ya kwanza ya kweli. Mapopa katajwa, Mapopa kafutwa. Kuku tena.

Jumanne, 17 Desemba

Watafiti wamekuja kukagua. Profesa Henrik ni Mzungu mrefu mwenye soksi ndefu. Anasalimia kwa Kitumbuka, na kijiji kizima kimempenda kabla hajashuka garini. Daktari Araba Quansah ni mtu wa Ghana anayefundisha Ulaya. Ni mweusi kuliko mimi, basi kila mtu anamsemesha Kitumbuka, naye anatabasamu tu. Wanawake kisimani wameshakata shauri: "Yule dada anaringa."

Mimi na mdomo wangu nikamwambia. Akatazama viatu vyake vilivyojaa tope.

"Ninakofundisha kila siku naulizwa natoka wapi," akasema. "Nilidhani huku nitapumzika."

Nikamtafutia kijiti cha kukwangulia tope, bila hata kutania. Ajabu hiyo haijanitokea mara nyingi.

Alhamisi, 26 Desemba

Krismasi nimekula biskuti. Mjomba hakupiga. Nilimpigia mimi, akasema duka limejaa watu, nikasikia redio tu nyuma yake.

Leo kwa NyaMsiska palikuwa na wali! Aliniwekea tangu jana. Nilikula kibarazani nikiwasikia wao wawili jikoni wanacheka kitu, moshi unatoka chini ya paa. Sijui walicheka nini. Nilimaliza upesi nikidhani labda nitaitwa. Alikuja Towela: "Umeshiba?" Nikamwonyesha sahani.

Ijumaa, 3 Januari

Nyumba ya bwana shamba inavuja kila kona ila ile yenye mchwa.

Alhamisi, 9 Januari

Wiki hii dodoso lina swali jipya, la akiba. Nikamuuliza NyaMsiska mahindi yaliyobaki kwenye kihenge ni kiasi gani.

"Ya kutufikisha kwenye mahindi mabichi."

"Naweza kuchungulia?"

"Tangu lini mgeni akachungulia kihenge?"

"Nauliza tu, mama. Na yakiisha kabla?"

Akanyoosha lile goti kwa mikono miwili kama anayeweka mzigo chini. "Yakiisha kabla, itabidi nikashike kibarua kwenye tumbaku ya Chavula. Ukishika kibarua majira haya ya palizi, shamba lako linakwenda na magugu. Na shamba likienda, na mwaka ujao umekwenda. Ndiyo maana nimesema yatafika."

Nikaandika: yatafika. Kisha nikala sima na maharage. "Umeshiba?" Sahani inang'aa.

Alhamisi, 16 Januari

Sima na dagaa. Mapopa. Mvua.

Jumatatu, 20 Januari

Daktari Araba kapita na Bwana Kumwenda, Profesa kabaki Mzuzu na tumbo lake. Bwana Kumwenda kanisifu hadharani: takwimu zangu safi, na kaya ya NyaMsiska inakula vizuri kuliko zote za eneo hili. Nikapandisha kofia. Nikawaambia kipaji hakifundishwi.

Daktari hakucheka. Alikuwa anapandisha na kushusha majibu kwenye kioo. "Wongani, huyu mama anakula sima kila siku, Desemba na Januari sawasawa. Kwa bibi yangu, mwezi huu tulikuwa tunajua sauti ya kila tumbo."

"Labda ana mahindi mengi, Daktari."

"Labda," akasema. Lile "labda" limenikaa shingoni mpaka sasa.

Jumatano, 29 Januari

Nimekwenda mashineni kupiga soga, maana siku ikipita bila kuongea na mtu naanza kujibizana na baiskeli. Soko, kijana anayesaga, ana mdomo kama wangu. Ndiye mtu pekee hapa ninayemwogopa.

"Bwana Maswali!" akapiga kelele. "Kesho unakwenda kula?"

"Kesho nakwenda kazini."

"Ndiyo, kula. Kijiji kizima kinajua Alhamisi yako. NyaMsiska huja hapa Jumatano tu, na mahindi ya kujaza sahani moja. Namsagia pamoja na ya wengine, maana yakiwa peke yake mashine haiyasikii hata ladha."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine anaomba pumba. Anasema za kuku."

"Si ana kuku."

Soko akazima mashine ili nisikie vizuri. "Kuku gani? Wewe ndiye mwewe wao, bwana. Umewamaliza."

Watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Nami nikacheka, tena kuwazidi.

Alhamisi, 30 Januari

Nimemuuliza kama kawaida. Siku saba zilizopita mlikula nini? "Sima." Jumamosi? "Sima." Jumapili? "Sima na maharage." Macho makavu kabisa. Nikaandika. Ningefanya nini?

Chakula kikaja. Nikala tonge chache, nikaacha nusu. Towela akaja: "Umeshiba?"

"Nimeshiba sana."

Aliichukua ile sahani kama unavyochukua yai. Hakuingia nayo jikoni. Alizunguka nyuma ya nyumba. Nikainuka, nikaenda pale ambapo mgeni mwanamume haendi, nikasimama mlangoni pa jiko. Chungu kilikuwa motoni. Ndani yake kulikuwa na majani ya maboga na uji wa pumba. NyaMsiska hakuniona, alikuwa anapuliza moto.

Nyuma ya nyumba Towela alikuwa anakula kwa mikono miwili.

Tangu Novemba ananiuliza. Tangu Novemba namwonyesha sahani. Na mimi nilidhani ni adabu!

Jumapili, 2 Februari

Mvua. Sitaki kuandika.

Alhamisi, 6 Februari

Nimefanya ushujaa, umeishia vibaya. Nilipanda baiskeli mpaka sokoni, nikanunua mfuko wa unga, nikaufunga nyuma, nikafika kwa NyaMsiska natabasamu kama mgombea.

"Hiki nini?"

"Unga, mama."

"Wa nani?"

"Wa hapa."

"Nani kakwambia hapa hakuna unga?"

"Hakuna aliyeniambia. Nimeona tu..."

"Umeona." Akageukia mlangoni. "Towela! Msaidie mgeni kufunga mzigo wake. Kausahau hapa."

Kisha akanipikia. Sima ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kunipikia. Nilijaribu kuacha, akasimama palepale kibarazani, kitu ambacho hajawahi kufanya, akauliza chakula chake kina nini. Nikakila chote. Kila tonge nililimeza likiwa na uso wa mtu.

Nimerudi na unga wangu. Njiani Soko akapaza sauti, "Bwana Maswali, siku hizi unahama na jiko?" Nikakanyaga pedali.

Alhamisi, 13 Februari

Anajibu kama anayerusha mawe kisimani. Sima. Sima. Sima. Mapopa hakumtaja kwanza, alimtaja mwisho. Sikumfuta mbele yake.

Jumanne, 18 Februari

Kihenge kimefika chini, bila shaka. Soko kaniambia NyaMsiska yuko kwenye tumbaku ya Chavula tangu Jumapili. Nimepita kwa baiskeli nikijifanya naelekea kwingine. Alikuwa mstarini na wasichana, mguu mmoja kaukunja, anapalilia ameinamia upande. Aliniona. Akageuza mgongo.

Nikaenda shambani kwake. Mahindi ni mazuri, yameanza kutoa mbelewele, ila magugu yamemfika Towela kiunoni. Towela mwenyewe alikuwa humo, na jembe linalomzidi kimo.

"Bibi kasema nisikuambie kitu," akaniambia. Basi hakuniambia kitu.

Jumatano, 19 Februari

Leo nikachukua jembe la Towela nikalima mimi. Tuseme ukweli: mimi ni mtoto wa saruji, nilikata mahindi kadhaa pamoja na magugu. Alipotoka kibaruani NyaMsiska alinikuta. Sijawahi kuona goti bovu likikimbia vile.

"Toka! Unataka niitweje? NyaMsiska anayewalimisha watu wa serikali?"

"Hakuna anayeona, mama."

"Mimi naona. Wewe ni mgeni wangu. Kula yako ni kwangu, kulima si kwako. Hivyo tu."

Akaninyang'anya jembe. Alikuwa ananuka tumbaku mbichi na jasho, na midomo imepasuka. Kesho ni Alhamisi. Najua leo amesaga.

Alhamisi, 20 Februari

Nilikula. Nifanyeje?

Jumamosi, 22 Februari

Nitaandika yote, maana leo nimeshinda, na aliyeshinda ana haki ya kurefusha.

Nilikaa tangu jana nikiwaza. Mgeni hawezi kuleta unga. Mgeni hawezi kushika jembe. Mgeni hawezi kuacha chakula. Kila mlango niliougonga ulikuwa na mgeni ndani yake. Basi mgeni lazima afe! Nikapata mpango. Nikafunga mkeka, nguo, kishikwambi na ule unga, nikaenda. Mpango ulikuwa kuigiza. Nilijiandalia na machozi, maana shuleni nilicheza Yosefu aliyeuzwa na nduguze, na mwalimu alisema nilizidisha.

Nikamkuta anachambua majani ya maboga mlangoni.

"Leo si Alhamisi," akasema.

"Mama, ile nyumba ya bwana shamba inavuja."

"Iezeke."

"Nalala peke yangu."

"Wewe mwanamume."

"Nakula peke yangu." Hapa ndipo nilipopanga machozi. Sauti ikanitoka vingine, ndogo, siijui. "Hata hapa nakula peke yangu, mama. Kwa mjomba nilikula dukani, juu ya mfuko wa saruji, nyumbani kwao walikuwa wengi. Sina mahali ambapo nikichelewa mtu anauliza kwa nini. Nawauliza watu nani anakula chungu kimoja na nani, siku nzima, kijiji kizima. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nikatazama chini. Sikuwa naigiza, na sijui ni neno lipi lililonivusha kutoka kwenye mchezo.

Aliendelea kuchambua majani.

"Una jembe?" akauliza.

"Sina."

"Una mkeka?"

"Ninao."

"Ule mfuko wa unga ulioubeba siku ile, uliupeleka wapi?"

"Huu hapa."

"Mpe Towela autie ndani. Mtoto haji nyumbani mikono mitupu." Akainuka, akashika ukuta. "Kibanda cha Mapopa kina panya. Utawafukuza mwenyewe. Na Jumatatu unaamka mapema, yale mahindi uliyoyakata juzi yananiuma macho."

Nilikula jikoni. Moshi ulinitoa machozi yote niliyokuwa nimeyaandaa.

Jumatatu, 24 Februari

Malengelenge. Kanitukana mbele ya majirani, eti nashika jembe kama kijiko. Nimefurahi siku nzima.

Jumatano, 26 Februari

Hakwenda kwa Chavula tena. Nusu ya shamba iko safi. Towela anatuimbia tukipalilia na anatuambia nani mvivu. Ni mimi.

Alhamisi, 27 Februari

Nilitoka nje ya uzio, nikavaa kofia, nikaingia tena nikabisha hodi. NyaMsiska akaona upuuzi lakini akakaa. "Taja watu wa kaya hii."

"Mapopa."

"Mama."

"Mimi. Towela." Akanielekeza kwa kidevu. "Na wewe."

"Mimi ni mdadisi."

"Jana ulilala wapi?"

"Hapa."

"Ulikula chungu cha nani?"

Nikaangalia kioo. Kanuni naijua, nimeisema mimi mwenyewe kwa midomo hii kila wiki. Nikaandika: Wongani Luhanga, mwanamume. Kikauliza uhusiano na mkuu wa kaya. Kilinipa njia za kuponea: mpangaji, mgeni, mwingine.

"Wanauliza mimi nani wako."

"Wanaulizaje kitu wanachokiona? Andika mtoto."

Nikaandika mtoto. Kishikwambi kikakubali bila kelele. Kisha siku saba: mlikula nini? Kwa mara ya kwanza alijibu kweli, siku kwa siku, pumba na yote, mpaka tulipofika Jumamosi niliyohamia.

Alhamisi, 6 Machi

Mahindi yana ndevu. Mapopa, yeye, Towela, mimi.

Jumanne, 11 Machi

Gari la Ofisi. Bwana Kumwenda alishuka kabla halijasimama.

"Luhanga! Nini hiki? Umejihoji mwenyewe?"

"Nimeandika kilichopo, bwana."

"Umejiandika mtoto! Unajua ni wiki ngapi zinatupwa hapa? Mdadisi hahoji nyumba anayokula!"

"Zote nakula, bwana. Kila nyumba tunakula. Ulituambia mwenyewe."

Bwana Kumwenda akafunga mlango wa gari kwa kishindo. Daktari Araba akamwomba atuache kidogo. Tukakaa kwenye gogo, nikamweleza yote tangu kuku wa kwanza. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuandika kitu.

"Tulikuja kupima wanachokula," akasema mwishowe, "tukakaa mezani."

"Mimi ndiye niliyekaa, Daktari. Wewe hukuweko."

"Mimi ndiye niliyekutuma kila Alhamisi." Akajifuta uso. "Ulichoandika ni kweli, Wongani. Ndiyo maana huwezi kubaki."

Nitabadilishana na Lughano, dada mdadisi aliye kijiji cha Kabuthu, ng'ambo ya mto. Yeye atakuja huku, mimi niende kwake. Nikamwambia naacha kazi basi. NyaMsiska, ambaye alikuwa anajifanya anafagia, akaacha kufagia.

"Utaacha kazi ukale nini? Nenda. Mapopa naye alikwenda kazini."

Akaendelea kufagia. Kabla ya kupanda gari Daktari alimwinamia, akamsalimia kwa Kitumbuka cha kuvunjika, alichojifunza sijui wapi. NyaMsiska akamjibu taratibu, neno moja moja, kama unavyomlisha mtoto.

Alhamisi, 13 Machi

Hakuna mahojiano. Asubuhi alinichukua shambani akavunja hindi la kwanza, akalichoma jikoni, akaligawa mara tatu. Lilikuwa changa, linatoa maziwa.

Kisha akaniita kwenye kihenge akafungua kifuniko. "Chungulia."

Nikaingiza kichwa. Kulikuwa na giza na harufu ya vumbi. Chini kabisa, mahindi ya mbegu yalikuwa yamelala, hayajaguswa.

"Nilisema yatafika," akasema.

Towela alinisindikiza mpaka mashineni akishikilia baiskeli kwa nyuma, ndiyo maana nilichelewa. Soko hakunitania hata kidogo, akajifanya anatengeneza mkanda wa mashine.

Alhamisi, 20 Machi

Kabuthu. Chumba kina bati zima. Watu wazuri. Nakula na wanaume saba. Kabla ya kunawa nauliza, "Na jikoni wana nini?" Wanacheka, wananiita Bwana Jikoni. Ni sawa. Nauliza tena, na sinawi mpaka nijibiwe.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua inaishia. Siku hii sijui niifanyie nini. Nimepiga pasi kofia.

Alhamisi, 17 Aprili

Lughano kapiga simu, kakasirika.

"Huyu bibi yako ana kichwa kigumu! Kila Alhamisi namwambia taja watu wa kaya, anaanza na wawili ambao hawapo. Namwambia siwaandiki. Ananiuliza kama Ofisi iliwazaa."

"Anaanza na nani?"

"Mapopa. Halafu wewe."

"Na wewe unafanyaje?"

"Nafuta, Wongani. Si unajua kanuni?"

Naijua. "Futa," nikamwambia, "ila ukishafika kwenye baiskeli. Mbele yake sikiliza tu mpaka amalize."

Akanung'unika kwamba hiyo haikufundishwa mafunzoni. Nikamuuliza wanakula nini. Akasema mahindi, maboga, mahindi, karanga mbichi, mahindi, na kwamba yeye hukaa nao jikoni na NyaMsiska hajaacha kumkosoa anavyomenya. Kihenge kinaezekwa upya.

"Halafu kuna kitu," akasema. "Huyu mtoto kaniganda hapa, hataki nikate simu. Anasema nikuulize kama umeshiba. Sijui ana maana gani. Umeshiba?"

Nje wenyeji wangu walikuwa wananiita nikanawe mikono.

"Mwambie bado," nikasema.